Uzoefu wangu na tiketi ya msimu ya hoki ya chuo: bei inapanda, mchezo unashuka

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mnunuzi wa tiketi ya msimu ya timu ya wanaume ya hoki ya barafuni katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini mwa Marekani, na kwa kuwa wazungumzaji wenzangu wa Kiswahili wanaohamia majimbo haya ya baridi huniuliza kama tiketi hiyo ina thamani ya fedha zake, nimeona niweke maelezo yangu kwa maandishi. Chuo chenyewe sitakitaja.

Anayelipa hupewa kiti kimoja kwa mechi zote za nyumbani, ambazo kwa kawaida huchezwa Ijumaa na Jumamosi dhidi ya mpinzani yuleyule, kila mechi ikiwa na vipindi vitatu vya dakika 20. Juu ya bei ya tiketi kuna kile wanachokiita mchango wa kiti, ambao kwa jina ni wa hiari lakini kwa vitendo ni lazima, maana asiyeutoa hukuta kiti chake kimepewa mtu mwingine. Ukumbi ni msafi, wahudumu wa mlangoni ni wastaarabu, bendi ya wanafunzi inapiga vizuri na barafu husawazishwa kwa wakati. Katika hayo sina neno.

Neno langu ni timu. Mashindano ya kitaifa ya vyuo huchukua timu 16 kati ya sitini na kitu za daraja la kwanza, na zamani sisi tulikuwa tukihesabu kuwamo kama vile mtu anavyohesabu mshahara wa mwisho wa mwezi. Sasa ikifika Machi tunatazama wenzetu. Kufungwa peke yake kusingenifanya nishike kalamu, kwani mtu aliyekulia katikati ya utani wa Simba na Yanga amekwisha kuzoea kwenda kazini Jumatatu akiwa na majibu mafupi. Kinachoniudhi ni kuona makosa ya mwaka juzi yakirudiwa mwaka jana na mwaka huu, na kocha yuleyule, kwa maneno yaleyale, akituomba subira.

Chukua nafasi ya mchezaji wa ziada. Mpinzani akiadhibiwa kwa kosa dogo, mchezaji wake hukaa nje dakika mbili, nanyi mnakuwa watano dhidi ya wanne. Timu nzuri hufunga bao takriban mara moja katika kila nafasi tano za namna hiyo, na mechi nyingi za ngazi hii huamuliwa hapo. Yetu huanza hivi: beki anakokota kisahani (ndicho kinachochezwa badala ya mpira) kutoka nyuma ya lango letu, anafika katikati ya uwanja, kisha badala ya kuingia anakirudisha nyuma kwa mwenzake anayekuja kwa kasi. Mbinu hiyo si mbaya, hata timu za kulipwa huitumia, lakini lengo lake ni kuwafanya mabeki wa upande wa pili wamfuate yule wa kwanza. Wapinzani wetu wamekwisha kutazama picha za mechi zetu, kwa hiyo hawamfuati mtu. Wanne wote wanajipanga juu ya mstari wa buluu, unaoweka mpaka wa eneo lao la ulinzi, wanamsubiri anayekuja, wanamnyang'anya, kisha wanakipiga kisahani hadi mwisho wa uwanja, jambo ambalo sheria inawaruhusu kulifanya wakiwa pungufu bila kuadhibiwa. Wetu wanarudi kukifuata. Sekunde thelathini zimekwenda. Wanaanza upya, kwa mbinu ileile.

Hata tukifanikiwa kuingia, watu wanne hupasiana pembezoni kana kwamba mbele ya lango kuna moto. Hakuna anayesimama mbele ya kipa kumziba macho, na shuti linalopigwa kutoka mbali, kipa akiliona tangu linapoondoka kwenye gongo, ni mazoezi tu kwake. Mzee anayekaa pembeni yangu ana desturi ya kuandika kila shuti kwa penseli katika kijitabu cha mechi. Msimu huu nimemwona akiirudisha penseli mfukoni kabla kipindi cha pili hakijaisha.

Jukwaa la wanafunzi nalo limepungua watu. Uongozi umejibu kwa kuongeza sauti ya muziki, kiasi kwamba mwanya wa kuzungumza na jirani wakati mchezo umesimama umetoweka kabisa.

Ukiuliza sababu, utaambiwa zama zimebadilika, na ni kweli zimebadilika. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima; tangu msimu wa 2025-26 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja; na tangu Agosti 2025 vijana wa ligi kuu za vijana za Kanada, ambao kwa miongo mingi walizuiliwa kwa kuhesabiwa kuwa wachezaji wa kulipwa, wanaruhusiwa kuchezea vyuo vya Marekani. Chuo cha Penn State kilimpata Gavin McKenna, kijana wa Kanada mwenye kipaji kikubwa, kwa njia hiyo, na haikuwa kwa bei ya karanga. Timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, nazo huendelea kuwachukua wachezaji wetu bora kabla hawajamaliza masomo, kama zilivyofanya siku zote.

Lakini hoja ya fedha inanishinda kuimeza nikitazama walioshinda. Quinnipiac, chuo kilichopanda daraja la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, kilitwaa ubingwa wa 2023 kwa kuifunga Minnesota mabao 3-2, bao la ushindi likiingia sekunde 10 tu baada ya muda wa nyongeza kuanza. Western Michigan ya Kalamazoo, ambayo haikuwa imewahi hata kufika nusu fainali, ilichukua ubingwa wa 2025 kwa kuichapa Boston University mabao 6-2, nayo inacheza katika ukumbi wa tangu 1974. Denver, wenye mataji mengi kuliko chuo kingine chochote, walishinda 2022 na tena 2024, hilo likiwa taji lao la 10, na kati ya ushindi huo miwili walipoteza wachezaji wengi kama tulivyopoteza sisi. Hivi si vyuo vinavyoogelea katika fedha za mpira wa miguu wa Kimarekani. Vimeajiri watu wanaojua kufundisha, na anayeondoka huacha nyuma yake mtu aliyekwisha kuandaliwa. Kwetu anayeondoka huacha pengo, na pengo hilo hujazwa na mgeni wa mwaka mmoja ambaye jina lake nalijua nikisoma mgongo wa jezi.

Ofisi ya tiketi ilinipigia simu kuhusu kulipia upya. Kijana aliyepiga alikuwa na adabu, nami nikamweleza taratibu kwamba ningependa kujua kama benchi la ufundi litabadilika, hasa anayesimamia nafasi za mchezaji wa ziada. Akaniambia kwamba wanaolipa mapema watapata punguzo dukani kwa jezi na kofia. Simlaumu, hakupewa jibu jingine la kusema. Ila nilitambua kwamba mauzo na mchezo ni idara mbili zisizosalimiana.

Tathmini yangu ni nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za ukumbi na bendi. Kwa mgeni anayetaka kuujua mchezo huu, nashauri asinunue tiketi ya msimu. Anunue ya mechi moja, ya Ijumaa ikiwezekana kwa kuwa huwa rahisi kupatikana, achague siku anapokuja mpinzani mwenye nguvu, na akae juu nyuma ya lango, mahali ambapo mtu huona mpangilio wote wa wachezaji kuliko akikaa chini kando ya kioo. Mimi sikulipia upya. Nitanunua mechi mbili tatu za wapinzani ninaotaka kuwaona wakicheza, na fedha za mchango wa kiti nimezipeleka kwenye tiketi ya timu ya wanawake ya chuo hichohicho, ambayo ni nafuu zaidi na ambayo, ikipata mchezaji wa ziada, humweka mtu mbele ya kipa.