Uzoefu wangu: kifurushi cha masomo ya Kihispania kuhusu utambulisho, mamlaka na uwezo wa kujiamulia

Kifurushi hiki kimeandikwa kwa Kihispania tangu mwanzo, hakikutafsiriwa, na kinawalenga vijana wa miaka 13 hadi 17. Nimekitumia kwa wanaozungumza Kihispania nyumbani na kwa wanaojifunza kama lugha ya kigeni. Ninakipendekeza, ila usifuate mpangilio wake kama ulivyochapishwa.

Shida inaanzia somo la kwanza. Mwanafunzi anachora mduara, anaandika jina lake katikati, halafu mistari inayotoka nje kwa yale anayojisema mwenyewe na inayoingia ndani kwa yale wanayomsema wengine. Zoezi ni zuri mno, lakini limewekwa siku ambayo wanafunzi bado hawajaaminiana. Basi karatasi zinajaa mpira na muziki, na mistari ya kuingia inabaki mitupu. Anza na mhusika wa kubuni: darasa zima limchoree ramani ubaoni kwa dakika 15, na ramani ya mtu binafsi isubiri kipindi kinachofuata. Mwongozo wa mwalimu unataka ramani zibandikwe ukutani. Tafadhali usizibandike. Kuna kijana ataandika habari za karatasi za uhamiaji za wazazi wake, na jambo hilo likishasomwa na wenzake halirudi nyuma.

Sehemu ya mamlaka ndiyo iliyonifanya niendelee nacho. Ina matini tatu: kesi ya Mendez dhidi ya Westminster huko California, ambayo mahakama ya rufaa iliiamua mwaka 1947 kwa kupinga kutengwa shuleni kwa watoto wenye asili ya Meksiko, wanafunzi wa East Los Angeles waliotoka madarasani Machi 1968, na wanafunzi wa sekondari wa Chile, wale “pingüinos” (pengwini, jina walilopewa kwa sababu ya sare zao) wa 2006. Kama muda ni mfupi, chukua ya Chile. Madai yao yalianzia kwenye nauli ya basi na ada ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, yakapanda hadi kudai ifutwe LOCE, sheria ya elimu iliyotangazwa Machi 1990 mwishoni kabisa mwa utawala wa kijeshi wa Pinochet. Sheria nyingine ilichukua nafasi yake mwaka 2009. Kijana anaona kwa macho yake jinsi dai dogo linavyomfikisha kwenye sheria.

Kila matini ina jedwali la safu nne: nani anaamua, nani anaathirika, nani hakuulizwa, na kanuni ipi inampa anayeamua nguvu hiyo. Kwenye safu ya nne wengi huandika “el gobierno” (serikali) kila mahali. Usilipokee jibu hilo. Wataje ofisi na waraka wenyewe.

Sehemu ya tatu, ya uwezo wa kujiamulia, ni nyembamba kupita kiasi: ukurasa mmoja, barua moja ya madai. Walio chini ya ngazi ya B1 (ngazi ya kati ya kujua lugha) hukwama mara moja, kwa sababu “exigimos que” (tunadai kwamba) inadai subjuntivo, umbo la kitenzi la kutaka au kuomba jambo, na hakuna mfano hata mmoja. Andaa kadi za kuanzia sentensi, tano au sita kwa kila kundi: “Pedimos que se revise…” (tunaomba ipitiwe upya…), “Proponemos que haya…” (tunapendekeza kuwe na…). Pia barua iende kwa mtu mwenye uwezo wa kulikubali dai. Mkuu wa shule anaweza kubadili saa za maktaba. Mtihani wa taifa hauko mikononi mwake, na barua isiyoweza kujibiwa inamfundisha kijana kinyume kabisa cha somo.

Kabla ya kutoa nakala, pitia viwakilishi: kwa “ninyi”, karatasi nyingine zinatumia “vosotros” ya Uhispania, nyingine “ustedes” ya Amerika ya Kilatini. Chagua kimoja. Picha za 1968 hugeuka nyeusi tii kwenye mashine ya fotokopi, hivyo zionyeshe kwa projekta.

Usahihishaji wa barua unatoa alama 8 kati ya 20 kwa tahajia. Mimi naiachia 3, na 5 zinazobaki nazipeleka kwenye swali moja: je, dai lina sababu, na limemtaja anayepaswa kulitekeleza?