Kamera nyepesi chukueni, lensi ya mtumba ipigeni tochi kwanza

Bodi ya kamera, Olympus E-M5 Mark III, naipa tano kati ya tano. Lensi ya mtumba niliyoifunga, kama lensi, nne. Duka lililoniuzia hiyo lensi hapa Mwanza mjini halistahili hata nusu. Jina nalihifadhi, sitaki kesi.

Mambo yalikuwa hivi. Lensi ya mtumba, imeagizwa, imelipiwa kabla, inafika inafunguliwa pale pale kaunta. Tochi ya simu ikapita kutokea nyuma, na nyuzi zikaonekana: nyeupe, nyembamba, zimeanzia ukingoni mwa kioo cha ndani, zinajigawa matawi kwenda katikati. Fangasi, tena si ya wiki moja. Kijana wa kaunta, ambaye shikamoo ilishamshinda tangu mlangoni, akainyakua, akaipulizia pumzi ya mdomo na kuifuta kwa pindo la fulana. "Hilo ni jasho tu bibi, litakauka lenyewe." Nikamwambia liko ndani, hata ukifuta hadi kesho hutalifikia. Akacheka na mwenzake. "Sasa kwa umri huo bibi unapiga ndege wa nini? Si utumie simu ya mjukuu?"

Fangasi naweza kuisamehe. Anayekaa kando ya ziwa hili na lensi atakutana nayo tu. Hiyo fulana ndiyo sijaisamehe. Vumbi la Mwanza linatokana na haya mawe yetu, na ndani yake mna chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko kioo. Ukizisugua kwa kitambaa cha pamba umekwangua ule utando wa mbele unaozuia mng'ao, na utando ukishakwanguka haurudi. Lensi hupulizwa kwanza kwa kile kipira cha hewa, kisha brashi laini, kisha kitambaa cha nyuzi ndogo chenye tone moja la dawa ya kusafishia lensi, unafuta kwa mduara kutoka katikati kwenda nje. Tone linawekwa kwenye kitambaa. Ukilidondosha juu ya kioo linateleza hadi ukingoni na kuingia ndani. Mtu anauza lensi na hilo halijui!

Tuje kwenye kamera, maana wengi wa rika langu ndiyo wanaulizia. Nilichoweka pembeni ni Nikon D750 na lensi yake ya 200-500, ambazo pamoja zinapita kilo tatu. Nilichochukua ni hiyo Olympus E-M5 Mark III na lensi ya 75-300, ndiyo hiyo ya mtumba, na zote mbili hazifikishi kilo moja. Sifa nyingine mtazisoma kwenye boksi. Jambo la kulijua ni hili: sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ya mfumo huu wa Micro Four Thirds ina eneo la kama robo ya ile ya fulufremu, yaani kamera kubwa kama hiyo Nikon, kwa hiyo milimita 300 zinakuvutia kitu kama ambavyo 600 zingekuvutia kwenye kamera kubwa. Kwa maneno mengine nimepunguza zaidi ya kilo mbili begani na bado furukombe amesogea karibu zaidi kuliko alivyokuwa kwenye lile zigo.

Malipo yake ni mwanga. Robo ya eneo maana yake unapoteza hatua mbili za mwanga: picha ya ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) inakuwa na chengachenga kama za ISO 6400 kwenye fulufremu. Na lensi hii ikivutwa mpaka mwisho tundu lake la kupitishia mwanga ni f/6.7, yaani dogo. Mchana mweupe juu ya ziwa, jua likiwa mgongoni, ISO 200 inakupa kasi ya sekunde 1/1000 hivi, na hapo mnandi aliyetulia juu ya mwamba anatoka safi hadi macho. Ndege anayeruka mpandishie hadi 1/2000 kwa ISO 400. Lakini soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri, dagaa wanashushwa na taa bado zinawaka, lensi hii iacheni kwenye begi. Hapo weka ile ndogo ya 25mm f/1.8, haifiki hata gramu 150, inakaa mfuko wa koti. Anayewaambia lensi moja nyepesi inamaliza kila kitu anataka kuuza.

Kwenye boti ya kwenda kisiwa cha Saanane msidanganywe na kitulizo cha kutikisika. Hicho kinatuliza mikono yako tu. Ndege anayerukaruka, au mawimbi yanayoinua boti nzima, hakiviwezi. Kasi isishuke chini ya 1/1000, na usiegemeze kiwiko kwenye ubao wa boti, mtetemo wa injini unapanda moja kwa moja kwenye kamera. Keti, viwiko vikae mbavuni. Ikipita saa nne asubuhi hewa juu ya maji na mawe inaanza kuchezacheza kwa joto, na kitu cha mbali kinatoka laini hata ukiwa na lensi ya mamilioni. Hapo geukieni vya karibu. Wale mijusi wa miamba yetu, Agama mwanzae, dume ana kichwa na mabega ya wekundu wa waridi na mwili wa bluu iliyokolea, anakubali kupigwa kutoka hatua nne au tano kama kivuli chako hakijamwangukia.

Na macho. Sababu hii ingenitosha kuhama hata kama uzito ungekuwa ule ule, na hakuna muuzaji aliyewahi kuitaja. Kwenye kamera ya zamani yenye kioo cha kujiinua ndani, ukishapiga lazima uangalie picha kwenye skrini ya nyuma, na skrini ya nyuma inataka miwani ya kusomea. Vaa, vua, vaa, ndege ameshafika Ukerewe. Kwenye hizi mpya tundu la kuchungulia ni skrini ndogo, hivyo picha uliyopiga, menyu, namba, vyote unavionea humo humo bila miwani. Pembeni ya tundu kuna kigurudumu kidogo. Elekeza kamera kwenye ukuta mtupu, kizungushe taratibu mpaka zile namba za chini zisomeke vizuri. Angalia namba tu, picha iache, kwa sababu picha inaweza kuwa na ukungu wa fokasi na ikakudanganya. Ukishapata, kibandike kipande cha selotepu, maana ndani ya begi kinajizungusha na utadhani macho yameharibika ghafla.

Vidole navyo. Vitufe vya bodi ndogo ni vidogo, na kwa mwenye vidole vilivyoanza kukakamaa asubuhi hilo si jambo la kupuuza. Dawa yake ni kuhamisha kazi. ISO weka kwenye kigurudumu cha mbele, fokasi weka kwenye kitufe cha nyuma kinachokaa chini ya kidole gumba, vingine visahau. Ongezeni na kile kishikio cha kufungwa kwa skrubu chini ya bodi. Kinaongeza gramu chache, lakini kidole cha mwisho kinapata pa kukaa, na mkono hauchoki kwa kubana. Betri chukueni tatu, kwa sababu tundu la skrini linakula chaji muda wote unapochungulia. Ukipanda ndege betri za akiba zikae kwenye mzigo wa mkononi, vyuma vyake vimefunikwa, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Sasa nirudi kwenye fangasi, maana nimeona watu wanashauriana vitu vya ajabu. Mbegu zake ziko hewani kila mahali, huwezi kuzikimbia. Kinachoziamsha ni unyevu unaokaa juu ya asilimia 60 na kitu kwa muda mrefu, giza, na chakula kidogo, na mafuta ya kidole au vumbi vinatosha. Masika hapa, nyumba imefungwa madirisha kwa ajili ya mbu, lensi iko kwenye begi la ngozi ndani ya kabati: umekamilisha masharti yote. Ikishakua inatoa asidi inayokula utando wa kioo. Kuianika juani kunaweza kuizuia isiendelee, lakini alama iliyokwisha kuliwa inabaki. Mchele nao acheni. Unanyonya unyevu kidogo sana na unga wake unaingia kwenye zumu.

Kinachofanya kazi ni chombo cha plastiki cha lita kumi hivi, mfuniko wenye mpira unaobana, gramu 200 za silika, zile punje za kunyonya unyevu, na kile kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ukikausha kupita hapo, chini ya 30, raba na grisi za lensi nazo zinaumia. Nunueni silika ya rangi ya chungwa, inageuka kijani ikishiba. Zile za bluu zina kobalti, ni sumu. Kukausha: itandaze kwenye bati au sufuria isiyopikiwa tena, moto mdogo kabisa, joto la nyuzi 120 hivi, koroga mpaka rangi irudi. Inachukua saa moja au mbili. Iache ipoe imefunikwa, usiirudishe ya moto.

Na kununua. Bila tochi usitoe pesa, hata muuzaji awe shemeji yako. Lensi za mfumo huu zikiwa nje ya bodi tundu la mwanga kwa kawaida linakaa wazi, kwa hiyo ni kumulika tu. Zile za Nikon za zamani zina kijiti nyuma, kisukume kwa kidole ndipo lifunguke. Mulika kwa mshazari kutokea nyuma, ukitazama kutokea mbele, kisha geuza. Vumbi ni nukta, kila lensi inayo, usigombane nalo. Fangasi ni nyuzi zenye matawi. Ukiona ukungu wa maziwa uliotanda sawasawa, huo ni mvuke wa grisi au gundi ya vioo inayoachia. Kisha funga kwenye bodi, toka nje ya duka, piga picha kuelekea mwanga, pakiwa na kitu cheusi katikati. Cheusi kikitoka kijivu, lensi ni mgonjwa. Malizia kwa kupiga ukuta wa matofali ukiwa umesimama sambamba nao, linganisha pembe nne. Pembe moja ikiwa laini na nyingine kali, kuna fundi alishaifungua na hakurudisha vioo katikati. Wapo mafundi wanaofungua na kusafisha, ila fangasi iliyoingia kati ya vioo viwili vilivyogandishwa pamoja haitoki kwa mtu yeyote. Na mkidai risiti, iwe ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Karatasi ya kuandikwa kwa mkono huenda isikusaidie sana ukitaka kulalamika Tume ya Ushindani.

Mwenye duka nimtendee haki. Aliporudi alitoa heshima zake, akatafuta kiti, akasikiliza, akatazama kwa tochi mwenyewe na kukiri. Alirudisha nusu ya pesa na lensi akaniachia. Kwa hiyo pengine duka linastahili mbili. Ila hebu fikirini, nusu ya pesa kwa lensi ambayo sasa ina fangasi ndani na mikwaruzo mipya ya fulana mbele, mikwaruzo iliyowekwa mbele ya macho yangu! Na kijana yule yupo pale pale kaunta, hajaambiwa hata pole. Mbili naifuta.

Ajabu ni kwamba lensi yenyewe inapiga. Jua likiwa mgongoni huwezi kujua ina kasoro, na picha za mijusi zimetoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Geukia tu upande wa jua, jioni pale Jiwe la Bismarck ambapo kila mtu anataka picha, na kila kitu kinapauka kama kimemwagiwa maji ya mchele. Basi lensi nishushe iwe tatu? Kosa si lake. Nne ibaki.

Nimeagiza nyingine kwa mtu wa Dar es Salaam aliyekubali kunitumia kwanza video ya tochi, nyuma na mbele, kabla ya kuzungumza bei. Hii ya kwanza nimeianika, nimeikausha, iko kwenye chombo chake peke yake. Atakayeitaka aijue: nyuzi ziko nyuma ya kundi la vioo vya mbele, upande wa kushoto ukiitazama usoni, zimefika kama theluthi ya njia kwenda katikati, na mbele kuna mikwaruzo miwili inayoonekana ukiigeuza kwenye mwanga. Zumu na fokasi havina shida. Aje na tochi yake.