Kariakoo kwa harusi ya bajeti ndogo: tathmini ya fundi cherehani

Kwa vitambaa naipa Kariakoo nyota nne kati ya tano. Kwa maua ya plastiki, tatu. Kwa viatu vya wapambe, moja, na hiyo moja ni ya huruma.

Nasema kama fundi. Nashona Mbagala Rangi Tatu, na kazi inayonilipia kodi ya fremu ni magauni ya wapambe, magauni ya sendofu na sare za kina mama wa kamati. Wateja wangu si watu wa kuagiza nguo Dubai. Harusi zao zinasimama kwa michango, na daftari la mweka hazina lina ahadi nyingi kuliko fedha. Kwa hiyo huwa nafunga fremu, tunapanda daladala pamoja, na rangi ya harusi tunaichagulia kulekule sokoni, mkono ukiwa juu ya jora. Anayechagua rangi kwenye simu akiwa amelala kitandani, halafu akaja sokoni kuitafuta, analipa zaidi. Hilo ndilo nataka nilieleze vizuri, maana kamati nyingi hulijua fedha zikishaisha.

Nichukue harusi ya Agosti iliyopita. Bibi harusi ni nesi, wapambe sita, watoto wa maua wawili. Bajeti ya vitambaa vyote, vikiwemo vya mama mzazi na mama mkubwa, ilikuwa laki nne na nusu. Binti alikuja na picha: kijani kilichofifia, kama kimechanganywa na majivu. Rangi nzuri, sikatai. Tukaingia Mtaa wa Kongo tukaanza kuitafuta. Kwenye krepe ipo, bei juu. Kwenye shifoni ipo, lakini ile ya duka la kwanza imeelemea unjano na ile ya duka la pili imeelemea bluu. Kwenye lesi hakuna kabisa. Mpambaji tulipompigia akasema hana kitambaa hata kimoja cha rangi hiyo, angelazimika kununua vyote vipya, na gharama ingerudi kwa nani? Kwa kamati.

Nikamwambia binti, kabla hujaipenda rangi, uliza inapatikana kwenye vitambaa vingapi. Rangi ya harusi ya bei nafuu ni ile utakayoikuta kwenye satini, krepe, shifoni, lesi, utepe, maua na vitambaa vya meza, siku hiyohiyo, bila kuagiza. Ukitembea maduka ya pale utaziona zenyewe zilivyojipanga: bluu ya kung'aa, zambarau, damu ya mzee, kijani cha chupa, pinki, dhahabu, rangi ya maziwa. Muuzaji anazijaza kwa sababu zinatoka, na kwa kuwa kila duka linazo, bei inashuka. Mwenyekiti wa kamati, baba yake mdogo, alitaka bluu ya kung'aa. Mimi rangi hiyo nimeichoka, nimeishona mpaka naiota, lakini sikumwambia hivyo. Nilimwambia tu kwamba ukumbi waliokodi una taa za bluu na wapambe watapotelea ukutani.

Tukaangukia damu ya mzee na rangi ya maziwa, na dhahabu kidogo pembeni. Mama mzazi akaguna.

"Mwanangu, hiyo si rangi ya watu wazima?"

"Mama, ngoja uione na lesi yako ya maziwa."

Akanyamaza alipoiona. Kwa ngozi zetu damu ya mzee ni ya kutegemewa: mweusi tii inamtoa, maji ya kunde inamtoa, mweupe inamtoa. Pichi na kile kijani cha majivu huwa vinachagua mtu, na kwenye wapambe sita huwezi kuwa na ngozi sita zinazofanana.

Sasa ununuzi wenyewe. Pale kuna winga, kijana atakayekufuata toka unashuka kwenye gari: "Shangazi, unatafuta nini, njoo nikuoneshe duka la bei ya jumla." Winga anajua mzigo uko wapi, hilo simnyimi. Lakini chake kinapandishwa juu ya bei kabla hujafungua mdomo. Ukiingia dukani mwambie muuzaji wazi, nimekuja mwenyewe. Utaona bei inavyopumua.

Uliza pia kama unauziwa kwa yadi au kwa mita. Yadi ni sentimita 91, kwa hiyo aliyepiga hesabu ya mita 40 akanunua yadi 40 amekosa karibu mita tatu na nusu, na hilo ni gauni zima la mpambe. Kuna duka moja, silitaji, muuzaji alikuwa anapima krepe huku anaivuta. Krepe ya kunyumbulika ukiivuta inakubali, ukifika nyumbani inarudi ilikotoka na wewe unabaki na upungufu. Mimi futi yangu iko shingoni hata sokoni. Nilimwambia ailaze mezani, tupime upya. Alinuna, tukahama.

Duka tulilonunua liko juu ghorofani, ngazi nyembamba, hakuna feni, na mwenye duka haongei zaidi ya bei. Hapo ndipo nyota nne zangu zilipotoka. Jora la krepe ya damu ya mzee lilikuwa limebaki yadi 30, akataka elfu tisa kwa yadi. Tukamwambia tunalibeba lote mpaka kwenye mti linakozungushiwa. Akashuka mpaka elfu saba: laki mbili na elfu kumi. Lesi ya maziwa ya pisi, yadi tano, ya mama mzazi elfu tisini na tano, na ya mama mkubwa elfu tisini kwa sababu ilikuwa na doa dogo pembeni ambalo nilijua nitalikata. Bitana mita 20, elfu mbili na mia tano kila mita. Jumla 445,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tukapewa bila kugombana. Zipu na uzi akalipa mama mkubwa, maana yeye alishapunguziwa.

Kununua jora lote kuna faida nyingine zaidi ya bei. Kitambaa cha rangi moja kikitoka kwenye majora mawili mara nyingi hakifanani, kwa sababu kila mara kiwandani rangi inapochanganywa upya hutofautiana kidogo. Dukani chini ya taa hutaona. Wapambe wakisimama juani mbele ya kanisa, utaona watatu wana rangi hii na watatu wana ile. Kwa hiyo usinunue nusu leo ukasubiri mchango wa Jumamosi ununue nusu nyingine. Kama fedha haijatimia, bora umsubirishe fundi kuliko kugawa kitambaa.

Kabla ya kulipa, toka na kitambaa mlangoni ukione kwenye mwanga wa jua. Kifinye kwenye ngumi, uhesabu mpaka kumi, ukiachie. Kikibaki na mikunjo, siku ya harusi mpambe akishuka kwenye gari atakuwa ameshachakaa. Lowesha kipande cheupe, usugue nacho kile unachonunua. Rangi iliyokolea ikitoa maji mekundu, jua kwapa la mtu na shati la bwana harusi viko hatarini. Mwisho piga picha kwa simu, na mwanga wake ukiwa umewaka. Satini nyepesi inayong'aa inarudisha ule mwanga, na kila mkunjo wa tumbo unaonekana. Ndiyo sababu wapambe nawapeleka kwenye krepe hata kama satini ina nafuu. Satini iende kwenye viti, viti havina tumbo. Halafu satini hizi nyingi ni polista, hazinywi jasho. Agosti inavumilika. Januari au Februari hapa Dar, ndani ya ukumbi wenye feni tu, ni adhabu.

Gauni moja la mpambe lilikula mita tatu na nusu, watoto wa maua mita moja na nusu kila mmoja. Krepe ikabaki kama mita tatu hivi. Kamati ilitaka kununua suti mpya za wasimamizi wa kiume. Nikasema wavae suti nyeusi walizonazo, mimi nitashona tai za kipepeo na leso za mfukoni kwa hayo mabaki. Tai ndefu inakatwa mshazari, inakula kitambaa kuliko unavyodhani, lakini kipepeo kinatoka kwenye kipande chochote. Wanaume wanne wakawa kwenye rangi ya harusi kwa gharama ya ufundi tu.

Kwa sare za shangazi na majirani, nilishauri khanga badala ya kitenge, nikapingwa, wakanunua kitenge cha kawaida Mtaa wa Uhuru. Sawa. Kitenge kwa bei ya jumla pale ni kizuri na chaguo ni pana, ila kina upana mdogo kuliko krepe, kama sentimita 115, kwa hiyo mama mnene mwenye kutaka mkono mpana anamaliza yadi sita zake hana cha kilemba. Waulizeni mafundi kabla ya kugawa.

Mapambo hayauzwi Kariakoo peke yake, na hapa nashauri mtu asinunue. Mkodi mpambaji, lakini swali la kwanza liwe: stoo una nini? Wengi wana vifuniko vya viti vyeupe au vya maziwa na vitambaa vya meza vya rangi hizohizo. Hivyo viacheni vilivyo. Badilisheni utepe wa kiti na kitambaa chembamba cha katikati ya meza, basi, ukumbi umeshakuwa wa rangi yenu. Fedha iliyookolewa iende kwenye meza kuu na ukuta ulio nyuma ya maharusi, kwa sababu kila picha itapigwa pale, kuanzia keki mpaka zawadi. Meza ya nyuma kabisa karibu na jiko hakuna anayeikumbuka ilikuwa na maua gani.

Na taa. Hili wapambaji wengi hawakwambii, na mtu wa muziki ndiye hajui kabisa. Kitambaa chekundu kilichokolea kikipigwa na taa ya bluu kinaonekana cheusi. Tuliulizia ukumbini mapema, tukaambiwa taa ni za kubadilika, tukaomba zikae kwenye njano mpaka chakula kiishe. Rangi ya maziwa chini ya njano ikageuka kama dhahabu, wala hatukuhitaji kununua dhahabu nyingi. Baada ya hapo wakawasha bluu na zambarau watu wacheze, damu ya mzee ikawa nyeusi, hakuna aliyejali tena.

Maua ya plastiki ya Kariakoo yana madaraja. Yale ya kitambaa, petali zikiwa na mishipa, kwenye picha yanadanganya vizuri. Yale yenye matone ya gundi yanayojifanya umande, achana nayo. Waridi halisi mengi yanashuka kutoka Arusha, ni mazuri sana asubuhi, lakini joto la Dar halina subira, na harusi inayoanza saa mbili usiku kwa kweli inaanza saa tatu. Tulinunua waridi halisi kwa shada la bibi harusi peke yake, na kwa nywele zake tukaweka asumini. Asumini ni rahisi na inanukia ukumbi mzima ukipita. Kina mama wa pwani waliijua zamani, sijui kwa nini kamati za siku hizi zinaikimbilia plastiki mpaka kichwani.

Shela usinunue Kariakoo. Kodi Kinondoni au Sinza, uende na fundi wako akaangalie zipu na pindo la chini, kwa sababu gauni la kukodi limeshaburuzwa na wengi. Viatu nilishasema. Gundi inaachia, rangi haifanani na kitambaa hata muuzaji akiapa, na wapambe sita hawana saizi moja ya mguu. Waambieni wavae viatu vya dhahabu au rangi ya ngozi walivyonavyo. Gauni likifika chini, nani anaangalia?

Nendeni siku za katikati ya wiki, saa mbili asubuhi maduka yakifunguliwa, kabla muuzaji hajachoka kukunjua majora. Epukeni wiki za baada ya Pasaka. Kwaresima harusi nyingi za Wakristo zinasimama, ikiisha wote wanamwagika sokoni kwa pamoja, na bei zinajua. Desemba ndiyo usiseme. Simu na pochi viwe mbele, si mgongoni, na mzigo mkubwa mpeni mwenye guta mliyepatana naye bei kabla hajaugusa.

Uzi nunueni siku hiyohiyo, na kipande cha kitambaa mkononi, mkiulinganisha nje kwenye jua. Damu ya mzee haishonwi kwa uzi mwekundu, wala wa kahawia. Chukueni uliokolea kidogo kuliko kitambaa: ukishazama kwenye mshono huonekana umefifia kuliko ulivyokuwa kwenye kibiringo chake, na ukiwa umefifia kuliko nguo, mstari wa mgongoni utaonekana mpaka kwenye video.