Leopard 1 au E 50 M: kifaru kipi kwa mchezaji wa Kampala?

Vyote viwili ni vifaru vya kati vya Ujerumani vya daraja la 10 katika World of Tanks, mchezo wa mtandaoni wa vita vya vifaru, na vyote vina mzinga wa milimita 105.

Leopard 1 hushinda kwa shabaha na uwezo wa kuona mbali. Rudi nyuma ya kichaka zaidi ya mita 15 kabla ya kufyatua, ili kichaka kiendelee kukuficha. Tatizo ni ngozi: bamba la mbele ni milimita 70 tu, hata baadhi ya makombora ya mlipuko hupenya.

E 50 M ina milimita 150 zilizolala mshazari. Elekeza pua kwa adui, ficha mnara (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) ulio dhaifu, na ukiwa na kasi ya mteremko, mgonge. Uzito wake humuumiza aliye mwepesi. Ila kwa mbali hutampata Leopard kirahisi.

Intaneti ya bando ikigandaganda, E 50 M husamehe. Leopard akigandia uwanjani keshakufa. Mwenye mtandao imara na subira achukue Leopard. Asiyeweza kukaa kichakani dakika tano, hicho si chake.