Bima ya mtandao niliyoikatia loji yangu Dodoma

Nina loji ya vyumba 18 Area D. Kipindi cha Bunge la bajeti vyumba vinajaa, na kompyuta ya mapokezi inabeba namba za vitambulisho na za simu za mamia ya watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, zikivuja, wa kuulizwa ni mimi. Ndiyo maana nikakata bima ya mtandao, yaani ya kufidia hasara za uhalifu wa mtandaoni na kuvuja kwa taarifa.

Ada ni shilingi 1,450,000 kwa mwaka. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 1,711,000. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino mzito: fidia hadi milioni 100. Nikaridhika.

Aprili mhasibu wangu akapata barua pepe kutoka kwa muuza mashuka wetu wa Dar, kwamba amebadili akaunti ya benki. Tukalipa milioni 6.4. Siku ya nne muuza mashuka mwenyewe akapiga: "Dada, mzigo wangu unalipwa lini?" Tukaifungua tena ile barua. Kwenye anwani, palipotakiwa herufi l pamewekwa tarakimu 1. Nilisogeza uso hadi kwenye kioo ndipo nikaiona.

Kijana wa madai wa kampuni ya bima alinipokea siku ileile, akaniambia nikimbilie benki na polisi kwanza. Kisha akanifungulia ukurasa wa 11. Mfanyakazi akirubuniwa akalipa kwa mkono wake, hasara hiyo ina kikomo chake: milioni 3. Toa milioni 1 ninayobeba mwenyewe katika kila dai. Nikapata milioni 2.

Usiku ule niliusoma mkataba wote, kalamu mkononi. Zile milioni 100 ni za mwaka mzima, si za kila tukio, na gharama za wakili zinakatwa humohumo. Mfumo ukizimwa na virusi, mapato yaliyopotea yanaanza kuhesabiwa ukishakaa muda wa saa 12 bila kufanya kazi. Faini hazimo kabisa.

Kitengo cha madai nakisifu: hela iliingia ndani ya wiki tatu. Wakala aliyeniuzia simsifu. Alijua wazi kwamba loji inalipa wauzaji kwa benki kila wiki, na hakunigusia ukurasa wa 11 hata kwa neno moja.

Mwaka huu nimekata tena kwao, kikomo cha ulaghai nimekipandisha hadi milioni 10, kwa nyongeza ya 380,000 kabla ya VAT. Na mhasibu halipi akaunti mpya mpaka ampigie mwenye mzigo kwa namba tuliyonayo siku zote.