Kuonja mvinyo wa Lavaux kwa meli: uzoefu wangu Ziwa Geneva

Ukifika Uswisi na ukataka kuonja mvinyo wa Lavaux, eneo la mashamba ya mizabibu kando ya Ziwa Geneva, panda meli ya kawaida ya abiria. Vile vifurushi vya "ziara ya mvinyo ziwani" vinavyouzwa mtandaoni waachie wenye haraka. Nimepita njia zote mbili na ninajua ipi ningelipia tena kwa fedha yangu.

Kifurushi nililipiwa na shemeji, mume wa dada yangu, wanaoishi Lausanne. Ilikuwa zawadi, kwa hiyo mdomo wangu ni mzito kidogo. Boti ni safi, muziki laini, glasi tatu, jibini ya kukatwa vipande vidogo, halafu mwongozaji anaanza kutazama saa. Mashamba tuliyaona kwa mbali, ghala la mvinyo hatukuingia hata moja. Mvinyo wenyewe ungeweza kunywewa popote pale.

Safari ya pili nilikwenda na dada kwa meli za CGN, kampuni iliyoanza mwaka 1873 na ambayo wenyeji huipanda kama sisi tunavyopanda kivuko. Unashuka na metro hadi Ouchy, bandari ya Lausanne, na gati liko hapo hapo. Bahati yetu siku hiyo ilikuja La Suisse, meli ya mwaka 1910 ambayo bado inakwenda kwa mvuke. Katikati ya sitaha wameacha uwazi, unachungulia chini na kuiona mitambo ya chuma ikipanda na kushuka huku fundi akipita na kopo la mafuta. Niliganda pale mpaka dada akanivuta: "Mdogo wangu, umekuja kuangalia injini au mizabibu?" Ukiwa unaelekea mashariki, kaa upande wa kushoto. Kulia ni milima ya Ufaransa, mizuri pia, lakini itakungoja wakati wa kurudi.

Faida ya meli unaiona mkishapita mji mdogo wa Lutry. Treni inapita chini kabisa ya mlima, na barabara inakuonyesha ukuta mmoja mmoja. Kutoka majini unauona mlima mzima, matuta juu ya matuta, kila tuta na ukuta wake wa mawe, kuanzia karibu na maji hadi kule juu nyumba zinapoonekana kama punje. Kazi hiyo inarudi nyuma hadi karne ya 11, enzi ambazo ardhi hiyo ilikuwa mikononi mwa watawa Wabenedikto na Wasistersi. UNESCO iliyaingiza mashamba haya katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007, ila wananchi wa jimbo la Vaud walishapiga kura miaka thelathini kabla, mwaka 1977, kuzuia majengo yasiyameze. Wakulima wanasema Lavaux ina majua matatu: la angani, la kwenye maji ya ziwa linalorudisha mwanga, na la kwenye kuta zinazotunza joto mchana na kulitoa usiku. Nilidhani ni maneno ya watalii hadi nilipouegemea ukuta mmoja jioni.

Tulishukia Cully. Kijijini wakulima wana chumba cha pamoja cha kuonjeshea, na wanapokezana zamu, kwa hiyo anayekumiminia ndiye aliyechuma. Siku yetu alikuwepo mzee mmoja mwenye mikono ya jembe, asiyejua Kiingereza na asiyejali. Dada alitafsiri. Hapa mfalme ni Chasselas, zabibu nyeupe, na nikiwa mkweli, glasi ya kwanza ilinipita bila kuniachia kitu. Ulimi uliozoea mvinyo mtamu wa Dodoma unaona kama umepewa maji yenye adabu. Mzee akacheka, akaniletea Dézaley, Chasselas ile ile lakini ya mteremko mkali zaidi, jirani tu na hapo. Hiyo ilikuwa na uzito, na ladha fulani ya asali na jiwe lililoloa. Nikaelewa kwa nini wanagawana mlima kwa majina hivyo. Kumbuka pia kumtazama mwenzako machoni mnapogonganisha glasi, kwao kutazama pembeni ni utovu wa adabu.

Dada hanywi kilevi. Alipewa juisi ya zabibu ya shamba hilo hilo, baridi, na hakuna aliyemshangaa. Naye anaipa safari alama nyingi kuliko mimi.

Kutoka Cully tulitembea kwa miguu kupitia Epesses hadi Rivaz, katikati ya mizabibu. Njia ina vibao, lakini ina vilima na kivuli ni cha kutafuta, kwa hiyo vaa kofia na viatu vya maana. Angalia vile vireli vyembamba vinavyopanda mteremko: ni vya kigari kidogo cha kubebea makreti ya zabibu wakati wa mavuno, kwani trekta haliwezi kufika. Huko Rivaz kuna Lavaux Vinorama, kituo cha kuonjea mvinyo, mahali pazuri kwa asiye na mwenyeji. Wanaonyesha filamu ya mwaka mzima wa mkulima, na wana mvinyo zaidi ya mia mbili za eneo hilo hilo.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Ghala moja lilikuwa na kibao cha "karibuni" na mlango umefungwa. Jingine walitaka tuahidi kununua kreti kabla ya kuonja. Na chakula ni ghali, hapo hakuna ujanja. Wengi watakushauri samaki aina ya perch, mlaini kweli kweli, ila uliza ametoka wapi, kwa maana wengi wanaoliwa kandokando ya ziwa hili wanaletwa kutoka nje ya nchi.

Jambo la kupanga mapema ni ratiba. Meli hazipiti kila saa kwenye vijiji vidogo, na majira ya baridi zinapungua sana. Sisi tulikwenda kwa meli na kurudi kwa treni, ambayo inasimama karibu kila kijiji. Ukiwa na Swiss Travel Pass, tiketi ya watalii ya usafiri wa Uswisi, meli na treni zote mbili zimo. Ghorofa ya juu ya meli ni daraja la kwanza, nauli yake ni kubwa, na sikuona sababu, sitaha ya chini upepo ni ule ule. Mwezi wa tisa ni mzuri kwa hali ya hewa, ila mavuno yakianza wakulima hawana muda wa kupiga soga na wewe.

Ukipenda chupa, inunue hapo hapo. Waswisi wanakunywa karibu mvinyo wao wote wenyewe, kiasi kama asilimia moja tu ndicho kinachotoka nje, hivyo kuutafuta Dar au Nairobi ni kupoteza muda. Mimi nilibeba Dézaley mbili, nikazifunga kwa nguo katikati ya begi la kupakia, maana kwenye mkoba wa mkononi uwanja wa ndege hawaruhusu.