Gemu za Zamani za Kubofya: Ulizia Kijitabu Kabla ya Kulipa

Malalamiko ya wasomaji yanafanana: gemu imenunuliwa kwenye flashi mjini Kampala, inafunguka vizuri, halafu huko mbele inakwama kabisa. Kompyuta haina kosa. Kilichokosekana ni kijitabu kilichokuwa ndani ya boksi.

Miaka ile watengenezaji walipambana na wizi kwa kuficha majibu kwenye karatasi. King's Quest VI ya 1992 ndiyo inayokera zaidi: mhusika mkuu, Alexander, anafika chini ya Cliffs of Logic, jabali lenye alama za kubofya, na ufunguo wa alama hizo umo kwenye Guidebook to the Land of the Green Isles. Huna kijitabu, hupandi. Indiana Jones and the Last Crusade (1989) ilikuja na kijitabu cha Grail Diary, na bila hicho kukitambua kikombe cha kweli mwishoni ni kubahatisha. Monkey Island ya 1990 ilikuwa na gurudumu la karatasi lenye nyuso za maharamia, lakini hilo halisumbui tena kwa kuwa ScummVM, programu ya bure ya kuendeshea gemu hizi za zamani, hulivuka swali lake yenyewe. La jabalini haivuki, maana ni fumbo la mchezo wenyewe.

Pa kununulia, namba moja kwangu ni GOG, duka la gemu la mtandaoni, na sifichi upendeleo. Mara nyingi vijitabu unavipata kama PDF pamoja na gemu. Angalia orodha ya vya ziada kwanza. Faili ya kusakinisha ni yako, unaiweka kwenye flashi na kuitumia hata bila intaneti. Kwetu Uganda hilo si dogo: tangu Julai 2021 data ina kodi ya asilimia 12, nani anataka kupakua kitu kilekile mara mbili? Ukishasakinisha, nakili folda ya gemu kwenye simu, fungua ScummVM ya Android, ongeza folda hiyo. Kugusa kwa vidole viwili ni kubofya kulia. Kwa Fate of Atlantis, gemu nyingine ya Indiana Jones, hakikisha faili ya MONSTER.SOU imo; ndiyo yenye sauti, na wauza flashi huitupa ili kuokoa nafasi.

Steam, duka jingine la mtandaoni, ni ya pili. Gemu ni zilezile, ila lazima uingie kwenye akaunti ili kusakinisha.

Za bure zipo kihalali kwenye tovuti ya ScummVM: Beneath a Steel Sky na Flight of the Amazon Queen. Anza nazo kama hujui utapenda.

Flashi za mtaani, achana nazo. Muuzaji atakwambia "manual ya nini, cheki YouTube", huku anakutoza kwa gemu asiyoijua hata jina.

Na kuna hawa wa "nikulipie kwa kadi yangu". Bei ni ya dola, mobile money haipokelewi moja kwa moja, kwa hiyo wanajiongezea watakavyo juu ya bei. Baya zaidi, wengine hununua kwa akaunti yao: unapewa faili, gemu inabaki kwao, na ukihitaji PDF au toleo lililorekebishwa simu haipokelewi. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, nywila uiweke mwenyewe, ukiwa umesimama palepale, ndipo pesa itoke mkononi.